Karatasi ya Dirishani

Sogeeni karibu, nina kesi. Wenyewe imewashinda, na mimi imenishinda, ndiyo maana nawaletea ninyi.

Palikuwa na watu watatu waliofanya kazi katika karakana ya chuo kimoja. Nambua, mjukuu wa mfinyanzi wa milimani, alijua moto. Akiutazama rangi tu, anajua kilichomo kimeiva au bado. Lwitiko alijaliwa subira, mtu wa kukaa na fundo la uzi mpaka lichoke lenyewe. Mwanamvua, aliyelelewa na wasusi wa mikeka, alikuwa na mkono usiokosea usawa.

Kwao wote watatu zahanati zilikuwa gizani. Paneli za sola zilizofungwa juu ya paa ziliibwa, betri zikabaki tupu, na kina mama wakawa wanajifungua kwa mwanga wa simu. Nambua alimzika dada yake kwa ajili hiyo, kwa kuwa mkunga hakuiona damu mapema. Sasa mdogo wake, Nakiete, alikuwa anakaribia kujifungua katika chumba kilekile.

Basi wakawaza paneli ambayo mwizi haioni: karatasi angavu ya kubandika dirishani, inayovuna mwanga huku ukiona ng'ambo. Utando wa kubeba umeme uliozoeleka ulipasuka kila karatasi ilipokunjwa. Wakageukia vijibomba vya kaboni, vyembamba hata jicho haliwezi kuviona, vinavyopinda bila kuvunjika. Navyo vina ukorofi wao. Ukivijaza vinaziba mwanga, ukivipunguza umeme haupiti. Kila karatasi waliyoitengeneza ilitoka ama na kiza, ama mfu.

Mfadhili akachoka, akajitoa. Wakabakiwa na malighafi ya kuchoma mara moja tu, yenye kutosha karatasi tatu, kila zahanati na yake.

Nambua akawasha tanuri, akapitisha gesi juu ya unga wa chuma, na vijibomba vikaota kama ukungu juu ya mkate. Lakini kwao chungu hutolewa motoni kingali chekundu, ndivyo bibi yake alivyomfunza. Mkono ukafuata mazoea, akafungua tanuri kabla halijapoa. Hewa ikaingia, kaboni ikaungua mbele ya macho yake, ikabaki ya karatasi moja. Nambua akaketi sakafuni akalia, maana alijua ameunguza madirisha mawili.

Lwitiko hakumlaumu. Akayachukua masalia, yamesokotana kama nywele zisizochanwa, akayatia katika maji ya sabuni na kuyatikisa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, anapumzisha, anarudia, hadi maji yakawa na weusi mmoja bila donge. Angefanya haraka, vijibomba vingekatikakatika visifae kitu.

Mwanamvua akayatandaza kwenye plastiki, hapa si pazito, pale si pepesi, kisha akaisuuza sabuni yote pasipo kuung'oa utando. Walipomaliza kuongeza tabaka nyingine, zile za kugeuza mwanga kuwa umeme, wakaipeleka karatasi juani. Taa waliyoiunganisha nayo ikawaka, na kupitia karatasi ile waliona hata nyufa za ukuta wa pili. Hawakuwahi kupata bora kuliko hiyo. Lwitiko ndiye aliyegundua sababu: hewa ya moto iliteketeza masizi yote yanayoota pamoja na vijibomba na kuziba mwanga, ikaacha vijibomba safi. Kosa lililowanyima karatasi mbili ndilo lililoipa uhai hii moja.

Na kuigawa haiwezekani, kwani ukiikata, hewa huingia pembeni na kuiua.

Mkuu wa karakana akawaambia wakubaliane kabla gari la chuo halijafika. Wakishindwa, karatasi itakwenda kutundikwa kwenye maonyesho jijini, katika ukumbi unaowaka taa mchana kutwa.

"Kwetu chungu ni cha aliyekichoma," Nambua alisema. Sauti yake mwenyewe ilimtia aibu.

"Kwetu mkeka ni wa aliyeufunga ukingo," Mwanamvua akamjibu. "Binti yangu anajifungua mwezi huu. Na wewe dada, ulipochoma chako ulichoma na vyetu."

Wakamgeukia Lwitiko. Alikuwa ameinama, anafikicha vidole vyake vyenye weusi. "Mke wangu naye ni mjamzito," akasema. "Nilinyamaza kwa kuwa nilidhani zitakuwa tatu."

Nambua aliishika karatasi kifuani, nyepesi kama kanga. Akiiachia, atamzika Nakiete kama alivyomzika dada yake. Akiing'ang'ania, atakaa msibani kwa wenzake, naye hatakuwa na uso wa kuwapa pole. Alitamani tanuri lingaliunguza kaboni yote.

Gari limeshaingia uani, na dereva anateremka kuja kuichukua. Haya, mlionisikiliza: aliyechoma na kuunguza, aliyefumua, na aliyetandaza. Upesi, kabla mlango haujafunguliwa. Wewe ungempa nani, na wale wawili ungewaambia nini?