Kwa Nini Wakwembago Huulizana "Taa?"

Ninyi mliounganishwa wiki hii kwenye kikundi cha simu cha Wakwembago, karibuni sana. Kabla hamjaandika neno, nisikilizeni kidogo, maana humu mtakutana na mambo ambayo hayapo kwenye vikundi vingine, na si vizuri mtu kuishi ndani ya desturi asiyojua ilizaliwaje.

Zamani, simu janja zilipokuwa ngeni, kikundi hiki hakikuwa na adabu hii mnayoikuta. Mwenye haraka ndiye aliyekuwa mwenye neno. Kwembago ya Chini, iliyo kando ya barabara, ilikuwa na umeme. Kwembago ya Juu, kule mgongoni mwa mlima, haikuwa nao. Watu wa Juu waliteremsha simu zao asubuhi kwa kinyozi wa barabarani zikachajiwe, wakazifuata jioni. Kikundini hakuna aliyeyawaza hayo. Aliyechelewa kujibu aliitwa mwenye maringo. Aliyeandika kwa kirefu, akianza na salamu na kuulizia watoto, aliambiwa ameandika gazeti. Na aliyelalamika aliambiwa anatoa povu, kama sabuni, na hapo maneno yake yalipoteza thamani hata kabla ya kusomwa.

Msimamizi wa kikundi alikuwa Hoza, mtoto wa Juu aliyepata kazi mjini katika ofisi yenye mtandao kutwa kucha. Tusimseme vibaya. Ni yeye aliyetukusanya sisi tuliotawanyika, na msiba ukitokea alikuwa wa kwanza kutoa pole. Ila alipenda mambo yaende fasta, akaweka sheria: swali likiulizwa asubuhi, asiyejibu hadi jua linazama amekubali.

Ikatokea kamati ya maji ikaomba wananchi waseme mabomba ya kuchotea yawekwe wapi. Watu wa Chini wakasema yote yakae barabarani, ndiko kunakofikika. Watu wa Juu hawakusema kitu, simu zao zilikuwa kwa kinyozi. Jua likazama, Hoza akaandika kwamba wote wameafiki.

Kesho yake akaandika Zawada, mjane wa Juu, jirani wa mama yake Hoza. Alianza na salamu, akauliza hali, kisha akasema walio na umeme wamewaamulia wasio nao, na akina mama wa Juu wataendelea kupanda mlima na ndoo kichwani. Akaomba wenye nafasi wawe wanawangoja wasio na nafasi. Vijana wakamcheka. Gazeti, akaandika mmoja. Povu, akaandika mwingine. Hoza alichomwa na neno lile la nafasi. Alijibu kwamba yeye alisoma kwa koroboi na kwenda shule peku, na hakuna nafasi aliyopewa na mtu. Basi kila mmoja akawa na lake. Wengine wakajitoa, wengine wakaanza kutajiana wazazi. Mwishowe Hoza akamtoa Zawada kikundini, akasema ni kwa ajili ya amani.

Zawada hakumfuata mtu. Aliendelea na shamba lake la maharage.

Masika yalipokolea, mama yake Hoza aliugua kifua. Zawada alikwenda kumjulia hali alfajiri, akamkuta hawezi kuinuka. Aliita majirani, wakamlaza kwenye machela, wakateremka naye katika utelezi ule hadi zahanati. Habari zilimfikia Hoza zikiwa zimepoa, akapanda basi na hasira zake, akijiuliza kwa nini hakuna aliyeandika kikundini. Alipofika, mama alikuwa ameketi, anakunywa uji. Ni mama huyo aliyemwambia nani alimshika mkono njia nzima: Zawada, yule aliyemtoa kikundini.

Hoza akamrudisha mama nyumbani Juu, akabaki kumwuguza. Simu yake ikazima. Akaiteremsha kwa kinyozi kama watu wote, akapanda mlima, jioni akaifuata. Alipoiwasha alikuta kikundi kimejadili harusi ya binamu yake na kupanga tarehe ambayo yeye asingeweza kuhudhuria, na chini yake mtu ameandika: Hoza yuko kimya, amekubali. Alisimama pale kwa kinyozi akiisoma sheria yake mwenyewe.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa Zawada, akamkuta anachambua maharage, akakaa akachambua naye. Kisha akamshukuru kwa ajili ya mama, akaomba radhi kwa kumtoa.

"Nilidhani unanilaumu kwa kutoka kwenye koroboi nikapata taa, dada," alisema.

"Nani amlaumu mtu kwa taa yake, mdogo wangu?" Zawada akamjibu. "Tulifurahi ulipoipata. Mama yako alipita nyumba kwa nyumba akitutangazia. Tulikuomba tu umulike na huku."

Usiku ule ule Hoza alimrudisha Zawada kikundini, akaandika kwa kirefu, akianza na salamu. Alisema yeye ana taa, ila alikuwa haioni kwa sababu inamwakia kila siku, na anamshukuru aliyemwonyesha. Akaifuta sheria yake. Suala la maji likafunguliwa upya, wakangojwa watu wa Juu hadi wa mwisho wao akasema, na bomba moja likapanda mlima. Ndilo hilo mnalochotea maji kwenye kona ya msikiti.

Umeme nao ulikuja kupanda, Mungu ashukuriwe, lakini taa za watu si umeme peke yake. Kwa hiyo hata leo, mtu akiandika humu kana kwamba wote tunaishi kama yeye, hatumtupii jina baya. Tunamwuliza neno moja: "Taa?" Naye hajitetei. Anajitazama, na akiiona anajibu: "Ninayo, asante." Lugha za vijana hatukuzikataza, ila aandikaye neno jipya huwafasiria wazee. Na mtu akileta gazeti, tunalisoma hadi mwisho.

Mwezi uliopita Bibi Zawada mwenyewe aliandika kwamba haoni kwa nini wenye watoto wachanga wanakosa vikao vya kijiji vya asubuhi, mbona yeye enzi zake alihudhuria. Binti mmoja, yatima wa mama, aliyekuwa amejifungua mapacha, akamwuliza kwa adabu: "Shikamoo bibi. Taa?"

Tukangoja, maana Bibi Zawada huandika taratibu. Kisha jibu likaja: "Marahaba, mjukuu wangu. Ninayo. Mimi nilikuwa na mama wa kunishikia mtoto. Asante kwa kunionyesha. Kesho asubuhi nakuja kukushikia wako."