Mafiga ya Bi Mwanasha

Sogeeni karibu, maana sauti yangu nayo imechoka.

Palikuwa na zimwi likiitwa Kiangazi, kinywaji chake mito. Lilipokausha mto wa kwanza, watu walihamia bonde la mbele, na Bi Mwanasha akabeba mafiga yake matatu. Huko wakajifunza kuchimba visima. Likavinywa. Wakahama tena, wakajenga mji wenye maghala. Likaja na huko, likamkuta bibi ameketi jikoni.

"Huhami?"

"Nihamie wapi? Zamani bonde la mbele lilikuwa tupu. Sasa kila bonde lina watu na mafiga yao."

Zimwi likashusha pumzi. "Nami nimeshakunywa kote."

Bibi akang'oa figa moja, akalisogezea likalie. Chungu hakikuinjikwa tena, na hadithi yangu imekaa papo hapo walipokaa wao.