Chafya Saba za Khatibu

Mashavu alitaka paka, maana panya walikuwa wanamaliza mchele. Mumewe Khatibu, mwenye nyumba na mwenye kauli, alikataa katakata. Paka, alisema, humpigisha chafya.

Siku moja Mashavu akamwekea miguuni kapu lililofunikwa kanga.

"Paka huyo?"

"Pua yako itakwambia."

Khatibu akapiga chafya saba mfululizo. "Wallahi, kilichomo humo hakilali nyumbani kwangu leo."

Mashavu akaifunua kanga. Lilikuwa bao la mumewe, la mti wa mninga, analolicheza kila jioni.

Khatibu akapangusa pua taratibu. "Kiapo kinafutwaje, mke wangu?"

"Kwa kulisha maskini kumi. Usihangaike kuwatafuta. Wako uvunguni mwa kitanda unacholalia, tangu mwezi jana: paka mama na watoto wake tisa."