Picha Moja, Mapaja Matatu

Tegeni masikio, jamani, mniamulie, maana mimi nimeshindwa. Wakwe zangu ni watatu, kila mmoja na kipaji chake: shemeji Hamdani anajua kamera, wifi Tausi anajua maneno, na mama mkwe, Bi Mwanahija, ana mkono mwepesi.

Tulikuwa tunarudi kutoka kumzika mama yangu. Nilibeba kamera yake ya mkanda. Mama hakutaka picha za simu, alisema hazina mgongo wa kuandikia jina. Mkandani mna picha thelathini na tano, na moja tu ndiyo inayomwonyesha akimpakata mwanangu. Sina nyingine! Imebaki nafasi moja ya kupiga.

Uwanja wa ndege nikaitia kamera sandukuni. Shemeji akapiga kelele: "Shemeji, wazimu? Miale ya mashine ya mizigo ni mikali, itauunguza mkanda wote!" Akalifumua sanduku palepale, nguo zangu nje, watu wanatazama, akanipa kamera mkononi.

Mkaguzi naye akataka kuipitisha kwenye mashine yake. Nikaropoka, "Afande, usipitishe, mkanda haujasafishwa!"

"Kausafishe basi, dada. Maji yako kule."

Mtoto analia, mimi nambembeleza. Wifi akajitosa: "Kaka, kusafisha ni kuzitoa picha, siyo sabuni! Humu mna marehemu. Wewe huna mama?" Akasema, akasema, mpaka foleni nzima ikamwombea.

"Haya, haya! Nitakagua kwa mkono."

Kwa mkono! Kidole hicho kwenye kifuniko cha nyuma, anataka kufungua achungulie. Mwanga ungeingia, basi, mkanda umeungua. Mama mkwe akamdaka kiganja, akaifunika kamera kwa kanga. "Mwanangu, hata maiti ana sitara." Mkaguzi akacheka, akaigeuzageuza, akatupitisha.

Kwetu mkanda haupelekwi studio mpaka uishe. Nikasema tumalizie hiyo moja, kaeni watatu na mtoto. Nani ampakate? Hapo ndipo palipoharibika!

"Bila mimi mkanda ungeungulia sandukuni."

"Bila mimi ungepita mashineni."

"Bila mimi ungeona jua."

Nikisema nipige ukuta yaishe, wote wananuna. Mwezi wa pili huu, joto linaukaanga mkanda kabatini, na sura ya mama yangu imo humo.

Kamera hii hapa, mtoto huyu hapa. Wewe ungemweka kwenye paja la nani?