Kiti Kimoja cha Kwenda Kuona Tembo

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaota meno, paliondokea mwalimu mmoja katika jiji la Mbeya, jina lake Anyelwisye. Alifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na minne, na kila mwaka aliwafundisha watoto habari za tembo: uzito wake, chakula chake, miezi anayobeba mimba. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kumwona tembo. Siku aliyoagwa kazini, mtoto mmoja alimwuliza mbele ya watu kama aliwahi kumwogopa tembo. Mwalimu akajibu kwamba hajui, maana hawajakutana. Watu wakacheka, naye akacheka. Binti yake Sekela, aliyekaa ubavuni pake, aliona kwamba baba aliacha kucheka kabla ya wengine.

Sekela alikuwa muuguzi. Tangu siku ile hakuchukua likizo. Mwaka wa kwanza akashinda wodini Krismasi na Pasaka, mwaka wa pili vilevile, ili siku zake zijikusanye. Akawaandikia barua wakuu wa Pori la Akiba Lukwambe, mbali kaskazini, kupita Chunya, kupita Makongolosi, mahali ambapo wageni wa mwaka mzima wangeenea kwenye benchi moja. Barua nne hazikujibiwa. Ya tano ikajibiwa, na ndani yake mlikuwa na kibali kwa jina la Mwalimu. Baba yake akakataa kwenda. Sekela akambembeleza, akakataa. Akambembeleza tena, akakataa. Mara ya tatu hakusema neno, akamfungia mzigo na kuuweka mlangoni, na mzee akavaa viatu.

Gari lilikuwa la Lusajo, mtu wa makamo aliyewahi kuchapwa na Mwalimu kwa kutojua majira ya mwaka, na bado akampenda. Lilikuwa gari kuukuu la porini lenye nguvu ya punda na sauti ya kinu cha kusaga, na kioo cha dirisha lake la nyuma upande wa kushoto hakikupanda tena. Wa nne alikuwa Mama Ipyana, jirani yao, mjane wa miaka sitini na sita, muuza ndizi wa soko la Mwanjelwa. Yeye alichukuliwa kwa sababu tumbo la Mwalimu lilikuwa halikubali uji wa mtu mwingine.

Wakaondoka alfajiri. Wakapanda milima, wakashuka milima. Chunya wakanywa chai, Makongolosi wakanywa chai, na baada ya hapo hapakuwa na chai wala barabara, ila njia mbili za magurudumu na nyasi katikati. Kisiki kikatoboa tangi la mafuta. Lusajo akalala chali kwenye majivu ya nyasi zilizoungua, akaomba sabuni. Mama Ipyana akampa mche wake wa kuogea, Lusajo akaukanda kama tonge la ugali, akaziba tundu. Wakaenda.

Siku ya pili wakafika mtoni. Daraja lilikuwa limechukuliwa na masika. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, huwezi kujua kina chake wala kilichomo. Sekela akashauri warudi. Lusajo akauliza kama kuna aliyeona mamba, na wote wakatazama chini ya ukingo, pale walipouona mkia ukizama. Akavua shati, akachukua fimbo, akaingia. Alitembea hatua kwa hatua akipapasa mchanga, maji ya magoti, maji ya kiuno, hadi ng'ambo, kisha akageuka akarudi kwa mstari uleule ili aujue vizuri. Alipotoka midomo ilikuwa inamtetemeka. Akasema ni baridi. Akashika usukani na kuwavusha bila gari kusita hata mara moja.

Ng'ambo ya mto wakawapokea mbung'o. Waliosafiri huko wanawajua: nzi anayeuma kupitia nguo, ukimpiga anajikung'uta na kurudi. Kioo kisichopanda kilikuwa upande wa Mwalimu, nao wakaingia kama waalikwa. Mama Ipyana akamwamuru Mwalimu wabadilishane nafasi. Akatandaza kanga yake dirishani, akaishika kwa mikono miwili juu na chini, akakaa hivyo saa nne nzima. Mbung'o hawakupita. Ila mikono iliyoshika kanga ilikuwa nje ya kanga, na walipofika kituo cha askari wa wanyamapori ilikuwa imeumuka kama maandazi. Sekela alipotaka kuipaka dawa, mama yule alisema kwanza apewe moto, uji wa Mwalimu umechelewa.

Na hapo kituoni, mbele kabisa ya geti, springi ya gari ikakatika. Fundi wa askari akasema ni kazi ya siku mbili.

Asubuhi mkuu wa kituo, Bwana Nsokolo, akawajia na habari. Tembo wamekusanyika kwenye chemchemi ya mwisho yenye maji, umbali wa saa mbili. Gari la doria linakwenda huko sasa hivi, litarudi jioni, na kesho linaondoka kwa wiki nzima, na bila askari haingii mgeni. Lina askari wanane na mapipa ya maji. Nafasi zilizobaki ni mbili. Moja ni ya Mwalimu, mwenye kibali. Ya pili wachague wenyewe.

Kwanza wakafanya adabu. Sekela akasema aende Mama Ipyana. Mama Ipyana akasema aende Lusajo. Lusajo akasema aende Sekela. Wakazunguka hivyo mara mbili mpaka dereva wa doria akapiga honi. Mwalimu akasema basi yeye abaki na wao waende wawili. Bwana Nsokolo akakataa, kibali kina jina la Mwalimu. Ndipo Mwalimu akawaambia waache heshima, kila mmoja aseme kilichomo moyoni.

Sekela akasema, "Baba, miaka miwili nimekuwa nikiona jambo moja tu kila nikifumba macho. Si tembo. Ni uso wako ukimwona tembo. Bila mimi tungekuwa Mbeya. Nikibaki hapa, nitakuwa nimefanya yote kwa ajili ya kitu ambacho nitasimuliwa."

Lusajo akakuna kichwa. "Mwalimu, nimeleta watu kwenye mageti ya namna hii mara kumi na moja. Kila mara wao wanaingia, mimi nalinda gari. Tembo ninayemjua mimi ni wa kwenye hadithi za abiria. Jana niliingia majini nikijua kilichomo. Bila mimi mngekuwa ng'ambo ya mto."

Mama Ipyana alikuwa anasonga kitu motoni, palepale kando ya gari, hakuacha kusonga. Akasema, "Hawa wawili wana miguu, watarudi. Mimi sirudi tena huku, na wewe unajua. Sikutegemea kuona chochote, nilikuja kupika. Lakini nimeulizwa, basi nasema ninataka. Mikono yangu mnaiona, sina haja ya kuieleza." Kisha akaongeza, bila kumtazama Lusajo, kwamba hata sabuni ya tangi ilikuwa yake.

Lusajo akacheka kwa sauti, na Sekela naye, na hata askari juu ya gari wakacheka. Mwalimu peke yake hakucheka. Alisimama na mguu mmoja kwenye kipandio, akawatazama mmoja mmoja. Kisha akataja jina. Aliyetajwa akapanda, na gari likaondoka.

Chemchemini waliwakuta tembo zaidi ya sitini. Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto kwamba tembo ana kishindo. Kumbe wale walipita hatua ishirini tu kutoka garini, kimya kama watu waliochelewa kanisani. Palikuwa na ndama aliyejikwaa kwenye mkonga wake mwenyewe, akaanguka, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Mwalimu akamshika mwenzake mkono, akaubana, wala hakuuachia mpaka gari likageuka kurudi. Mwenzake ndiye aliyesimulia jioni, na wale wawili waliobaki wakataka kusikia habari ya ndama mara tatu, wakicheka kila mara. Hapakuwa na aliyenuna. Lakini walibishana njia nzima hadi Mbeya kama Mwalimu alichagua sawa, na hata baada ya Mwalimu kufariki walikuwa bado wanabishana.

Mimi jina lile nalijua, nililisikia kutoka kwa Mwalimu mwenyewe. Sitalitaja. Yupo aliyeliota jambo akalihangaikia miaka miwili. Yupo aliyeingia kwenye maji ya mamba, na siku zote hubaki getini. Yupo aliyetoa mikono yake iumwe, na hana safari nyingine. Gari linanguruma, kiti ni kimoja. Haya, ninyi mnaonisikiliza: kwa haki, kiti kile kilikuwa cha nani?