Rimu Nne za Bi Tunu

Masikio mnayo?
Tunayo.
Yako wapi?
Yako wazi.
Basi nijazeni upepo, niondoke.
Ondoka, tuko nyuma yako.

Zamani, wanyama walipokuwa na magari, Digidigi na mkewe Bi Tunu walikuwa na gari moja dogo lenye mbio kuliko umbo lake. Bi Tunu aliendesha. Digidigi aliketi kushoto kwake akimsomea kona: kulia, kushoto, punguza, kanyaga. Kila mwaka walishindana kuupanda Mlima wa Kona Saba, na kila mwaka walifika wa pili, kwa sababu gari lao lilikuwa jepesi mwilini na zito miguuni.

Bi Tunu akaenda kwa mhunzi Kakakuona, akaagiza rimu nne za kufuliwa kwa nyundo. Rimu za kawaida humiminwa kwenye kalibu kama uji, zikapoa zikawa rimu. Ni nzito, na zikikutana na jiwe hukatika. Za kufuliwa hupigwa na kupigwa mpaka chuma kikashikamana. Ni nyepesi, na zikikutana na jiwe hujikunja tu. Kakakuona akafua, ko, ko, ko, akafua, ko, ko, ko. Alipomaliza akazipeleka dukani kwa Fisi, kwa kuwa Fisi peke yake ndiye aliyekuwa na mashine ya kuvalisha matairi.

Bi Tunu hakuzifuata. Aliugua Jumatatu, akafa Ijumaa.

Arobaini ilipopita, Digidigi akaenda kwenye gari. Akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akangoja. Halafu akakumbuka, akahamia kulia. Alikuwa na haja moja tu duniani: kuupanda ule mlima mara moja juu ya rimu ambazo mkewe alizichagua.

Fisi alimpokea kwa pole ndefu sana. Kisha akaeleza, akitazama pembeni, kwamba rimu za marehemu zilichanganyika na nyingine nne za dukani. Zote nyeusi, zote za matundu matano, zote za kipimo kimoja. Ukweli ni kwamba Fisi alikuwa amezichanganya mwenyewe, ili Digidigi asizitambue naye azichukue kwa gari lake. Kosa lake ni kwamba alipomaliza kuzichanganya, na yeye hakuzitambua tena. Alizinyanyua moja moja kwa meno, lakini kwa nguvu za Fisi rimu nyepesi na rimu nzito zote ni unyoya.

"Desturi ya duka hili unaijua, bwana mdogo," akasema. "Mkubwa huchagua kwanza. Lakini una msiba, sikukatazi kuzishika. Zishike, mimi nikutazame."

Digidigi akaelewa. Fisi hatatazama rimu, atatazama uso.

Akaisogelea ya kwanza. Akainua, akapima, mgongo ukauma. Nzito. Akaikumbatia, akalia. Machozi yakadondoka juu ya chuma, ti, ti, ti. Fisi akaisogeza upande wake.

Akaisogelea ya pili. Akainua, akapima, ikapanda kama kikapu kitupu. Nyepesi. Akaiweka chini, akapenga kamasi, akapita.

Akaisogelea ya tatu. Akainua, akapima, mgongo ukauma. Nzito. Akaikumbatia, akalia, ti, ti, ti. Fisi akaisogeza upande wake. Ya nne ilikuwa nyepesi, akapita. Ya tano nzito, akalia. Ya sita nyepesi, akapita. Kulia hakukumpa shida hata kidogo. Machozi yalikuwepo tangu Ijumaa ile, yakitafuta pa kuangukia.

Akaisogelea ya saba. Akainua, akapima, ikapanda. Na kwa ndani, mahali ambapo tairi hufunika na hakuna atakayeona, Kakakuona alikuwa amegonga alama ya kwato moja ndogo, iliyochongoka mbele, yenye pengo upande wa kulia. Ilikuwa kwato ya Bi Tunu.

Fisi alikuwa akimtazama usoni.

Digidigi akahesabu kona saba za mlima, moja moja, bila haraka. Akaiweka rimu chini. "Hii imepakwa rangi vibaya," akasema, akaenda kuililia ya nane mpaka manyoya ya chini ya macho yake yakageuka meusi. Hayakurudia rangi yake. Mtazame leo, utaiona ile alama.

"Mimi nachukua hizi nne zenye maji," akasema Fisi.

"Nawe ndiye mkubwa, mzee," akasema Digidigi.

Siku ya mashindano Fisi alitangulia, vuuu. Digidigi alimfuata, vuuu, akijisomea kona mwenyewe kwa sauti: kulia, kushoto, punguza, kanyaga. Gari lilipanda kama mnyama aliyetolewa pingu. Kwenye kona ya tano palikuwa na jiwe. Fisi akalipita juu. Kacha, rimu ya mbele. Kacha, ya nyuma. Gari lake likakaa chini kama kuku anayetaga. Digidigi naye akalipita jiwe lile lile, gudu, rimu ikajikunja kidogo, ikaendelea.

Angeweza kwenda zake. Akasimama, akafungua mlango wa kushoto.

Fisi akaingia, akaketi, gari likainama upande mmoja. Nyumbu, aliyekuwa nyuma yao mashindanoni, akawapita. Walipokwenda mwendo kidogo Fisi akasema, "Bwana mdogo, wewe ulizililia zile. Niliona kwa macho yangu."

"Nilimlilia mke wangu, mzee. Pa kulilia ndipo nilipochagua."

Mbele yao njia ikapotea nyuma ya mwamba. Fisi akanyoosha shingo, akachungulia.

"Kushoto hiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Punguza."

Digidigi akapunguza. Wakafika wa pili.

Funzo, ndugu zangu, ni hili. Ukienda kununua rimu, chagua nzito kuliko zote. Na ukiwa na msiba, usilie dukani. Kulia hakujamsaidia mtu.

Nimefika, nazima gari. Semeni nanyi.
Tumeshuka salama, funga mlango.