Pampu Isiyonguruma

Sogeeni karibu. Hadithi hii sina mwisho wake, mwisho mnao ninyi, na atakayesinzia ndiye nitakayemuuliza wa kwanza.

Palikuwa na mzee mmoja Tanga, Mzee Shekilindi, aliyeendesha treni miaka thelathini. Alikuwa na watoto watatu. Hidaya, wa kwanza, mwalimu wa hesabu, alijaliwa jicho: karatasi ambayo wengine hufungia maandazi, yeye huisoma mpaka nukta ya mwisho. Mbelwa, wa pili, fundi bomba, alijaliwa mikono: bomba likiziba, hulipapasa kwa nje akakwambia limeziba wapi. Saumu, kitinda mimba, aliyebaki nyumbani kumtunza baba, alijaliwa subira, na subira ni kipaji ambacho watu hukisifu mdomoni tu.

Mzee akapata kiharusi, mguu wa kushoto ukalegea. Nchi kavu aliuburuta kama gunia. Lakini ndani ya bwawa la kuogelea, nyuma ya nyumba yake, mguu ule ulikumbuka kazi. Kila asubuhi alitembea majini hatua arobaini, na hizo ndizo hatua pekee alizobakiwa nazo duniani.

Shida ilikuwa pampu ya kuchuja maji. Ilinguruma mpaka vikombe vikatikisika kabatini, na ilikula umeme hadi pensheni ikashindwa kuilisha. Ikizimwa siku mbili, maji yanageuka kijani. Mzee akaagiza lori la udongo, likamwagwa nje ya geti, akawaita wanawe.

"Mwisho wa mwezi udongo ule unafukia bwawa," akasema. "Atakayeyaokoa maji yangu, nyumba hii nampa. Nampa mmoja tu. Niliwaona baba zangu wadogo wakigawana nyumba kwa ukuta wa katikati, wakafa hawasalimiani."

Mzee wa watu alidhani anaepusha ugomvi.

Hidaya akaenda madukani. Kila muuzaji alimsukumia pampu kubwa, eti uiwashe kwa muda wa saa mbili kisha uzime. Yeye akaomba vikaratasi vya maelezo ya pampu, akavisoma akiwa amesimama, jasho linamtoka. Akakuta jambo ambalo hakuna aliyemtajia: ipo pampu ya kupunguzwa mwendo, na ikienda nusu ya mwendo inasukuma nusu ya maji, lakini umeme inakula kama sehemu moja tu ya nane. Iachwe iende taratibu, kwa muda mrefu, na bado utakuwa umeokoa mwingi. Akaichukua hiyo. Bila Hidaya, wangeleta nyumbani mlafi mwingine.

Mbelwa akaifunga. Ikawashwa taratibu, na maji yakatoka kwa kudondoka. Ndugu zake wakataka kuirudisha dukani. Mbelwa akapapasa mabomba: membamba, yenye kona saba kati ya bwawa na chujio. Pampu ya zamani ilikuwa ikipigana na kona hizo miaka yote. Akachimba siku nne juani, akatandaza bomba pana lenye kona mbili tu, na maji yakapita. Bila Mbelwa, ile pampu nzuri ingekuwa pambo.

Wiki ikapita, na mita ya umeme bado inakimbia kama zamani. Hidaya akalaumu bomba, Mbelwa akalaumu pampu, na siku zilizobaki zilikuwa kumi. Saumu hakulaumu mtu. Akachukua kigoda, akakaa nyuma ya kibanda cha pampu kuanzia alfajiri. Siku ya kwanza hakuona kitu, ya pili vilevile. Siku ya tatu umeme ulikatika ukarudi, pampu ikaanza upya taratibu, na akamwona baba yake, kabla hajaingia majini, anaegemea ukuta, anatega sikio. Hasikii kitu. Akabonyeza kitufe cha mwendo mpaka kasi ya mwisho, pampu ikanguruma, akatabasamu, akaenda zake. Treni zilimfundisha kwamba injini iliyonyamaza imekufa. Na nyumba ile ilivyozoea kelele, hakuna aliyeshtuka.

Saumu hakumfokea, wala hakwenda kumsema. Alirudisha mwendo chini, akamwita, akamshika mkono na kuuweka mbele ya tundu ambamo maji hupita yakirudi bwawani.

"Sikiliza kwa kiganja, baba."

Maji yakamsukuma taratibu. "Kumbe iko hai," mzee akasema, na hakubonyeza tena. Mwezi ulipokwisha mita ilikuwa imetulia, na vigae vya chini vilionekana. Bila Saumu, udongo ungeingia getini.

Hapo ndipo penye maumivu. Hidaya alisema akili ni yake. Mbelwa alisema jasho ni lake. Wote wawili wakamwambia Saumu kwamba yeye alikalia kigoda tu. Saumu angeweza kuwaambia ni nani aliyekuwa akibonyeza kile kitufe. Hakusema. Alimtazama baba yake, na baba yake akainamisha macho. Mimi hapo humkasirikia yule mzee, kisha namwonea huruma, maana akimpa Saumu itabidi aseme kwa nini, na ni aibu kwa mtu mzima kukiri kwamba karibu ayaue maji yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo hawali sahani moja, na hakuna ukuta uliojengwa.

Leo mzee yumo bwawani, ufunguo wa nyumba umening'inia shingoni. Wanawe watatu wamesimama ukingoni, kila mmoja amemnyooshea mkono, kwa sababu peke yake hawezi kutoka. Amewaambia kwamba mkono atakaoushika ndio utakaopewa ufunguo. Hatua arobaini zimekwisha zamani. Kila akifika ukingoni anaitazama ile mikono mitatu, anageuka, anaanza upya. Vidole vimekunjamana, midomo inatetemeka, na nje ya geti udongo bado upo, umeanza kuota majani.

Hawezi kukaa majini milele. Je, wewe uliyekaa hapo, ungemwambia ashike mkono wa nani?